Ndugu yangu aliingia wodini akiongea, ametoka hasikii. Ni kidudu gani hiki?

#1 Dada_Mlezi
Hamjambo. Siombi mchango wa pesa, huo tulishaufanya na bili ikaisha. Naomba mwenye kuelewa anieleweshe.

Ndugu yangu mdogo ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, kazaliwa 1993. Jumapili moja aliamka kichwa kinamgonga. Kemisti wa mtaani akampa tembe za maumivu. Jumanne homa ikapanda, akarudi kwa kemisti yule yule, akadungwa sindano na kupewa kapsuli za rangi mbili. Alhamisi usiku nikamkuta amekaa kitandani anazungumza na mama. Mama tulimzika 2016. Nikamshika kisogo nimwinue kichwa anywe maji, na mwili mzima ukainuka pamoja na kichwa kama ubao. Shingo haikunjiki. Hapo nikapiga kelele, majirani wakaja na gari.

Hospitali ya kwanza walisema malaria imepanda kichwani, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria. Jumamosi tukamhamisha. Ya pili wakamtoa maji ya mgongo, wakasema homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Wiki iliyofuata daktari mwingine akasema huenda ni TB ya ubongo, akaongezewa tembe za TB juu ya sindano. Katikati ya hayo alishikwa na degedege mara mbili. Jumla siku 23.

Ametoka anatembea, anakula, anatukumbuka sote. Lakini sikio la kulia limekufa kabisa, na kwa la kushoto anasema anatusikia kama tuko ndani ya mtungi. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa kwamba kidudu hakikupatikana. Siku 23 na hawajui! Nauliza: inakuwaje watu wakutibu bila kujua wanatibu nini? Na ni nini kilichomziba masikio?

#2 Kinyozi_Kayole
Pole sana dada. Mimi nikisikia uti wa mgongo najua ni mgongo. Masikio yameingilia wapi?

#3 Sista_Zamu_ya_Usiku
Pole Dada_Mlezi. Nimehudumu wodi za watu wazima miaka mingi hapa Nairobi, nitajibu ninachokijua.

Kinyozi, jina ndilo linalopoteza watu. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa kwa utando wa tabaka tatu, na ndani ya utando huo mnapita maji masafi, kama mililita 150 kwa mtu mzima. Ugonjwa ni wa utando na maji hayo, kuanzia kichwani hadi kiunoni. Tunachota kiunoni kwa sababu huko ndiko kuna njia salama. Sikio la ndani limepakana na maji hayo, kuna kijia chembamba ndani ya mfupa kinachounganisha. Usaha ukipenya huko, sikio linaharibika kutoka ndani, na dawa ya matone haifiki. Ndiyo maana uziwi ni miongoni mwa makovu yanayoonekana sana baada ya ugonjwa huu.

Kuhusu malaria ya kichwa: vimelea haviingii kwenye nyama ya ubongo. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuiziba. Nairobi penyewe malaria ni haba, wengi huja nayo kutoka Kisumu, Busia au Pwani. Ndugu yako alikuwa amesafiri?

Mimi kinachonisumbua ni kasi. Kutoka kichwa kuuma hadi kuchanganyikiwa siku nne tu. TB mara nyingi hutambaa: wiki mbili, tatu, mtu anakonda, anakuwa mkali bila sababu, halafu ndipo anazimika. Hii yenu imekimbia. Mimi ningeweka dau kwa bakteria, hasa yule anayeleta nimonia, aitwaye pneumokokasi.

#4 Dada_Mlezi
Hakuwa amesafiri popote tangu Krismasi.

#5 Jirani_wa_Githurai
Mimi niseme wazi. Hayo maji ya mgongo ndiyo yanamaliza watu. Mjomba wetu alitolewa saa nne asubuhi, jioni akafariki. Jirani mwingine hadi leo anasema mgongo haujarudi sawa. Kwetu tulikata kauli, hatutii sahihi tena. Dada, anzia hapo kabla ya kutafuta vidudu.

#6 Maabara_Kijana
Jirani, pole kwa mjomba, lakini hapo naomba nikurekebishe. Kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, penye nyuzi za mishipa zinazoelea ndani ya maji, ambazo husogea sindano ikija. Mgongo unaweza kuuma siku kadhaa na kichwa pia, hilo ni kweli. Lakini mgonjwa anayetolewa maji asubuhi na kufa jioni mara nyingi alifika akiwa ameshazidiwa.

Mimi niko maabara. Dada, nikujibu kwa nini kidudu hakikuonekana. Maji yakifika tunatazama rangi kwanza. Ya mtu mzima asiye na ugonjwa huwezi kuyatofautisha na maji ya chupa. Yenye bakteria huja na ukungu, mengine kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Tunahesabu chembe nyeupe, tunapima sukari na protini, kisha tunapaka kwenye kioo na kuotesha. Sasa mtu aliyedungwa sindano kwa kemisti Jumanne na kumeza kapsuli hadi Alhamisi, bakteria wake wengi wameshakufa au wamelemazwa. Hawaoti. Chembe nyeupe bado ziko, sukari bado iko chini, tunaona moshi ila moto hatuuoni.

Na tena: dawa ya nusu nusu hubadilisha hata aina ya chembe. Maji yanaanza kufanana na ya TB. Kwa hiyo daktari wa pili na wa tatu wanaweza kuwa wamesoma kitu kimoja kwa nyakati mbili.

#7 Sista_Zamu_ya_Usiku
Maabara amesema vyema, naongeza moja ili Jirani asione tunamkandamiza. Kuna wagonjwa ambao hatuwachomi haraka: mwenye mboni moja iliyopanuka, mwenye upande mmoja uliolegea, mwenye degedege lisiloisha. Hao wanaanza dawa, wanapigwa skani ya kichwa kwanza. Ukimtoa maji mtu ambaye ubongo wake umevimba upande mmoja unaweza kumdhuru kweli. Sijui mjomba alikuwa hali gani.

#8 Jirani_wa_Githurai
Hakupigwa skani. Pesa haikuwepo. Basi.

#9 Mzee_wa_Jericho
Vijana, ninyi mnaongea kuhusu mtu mmoja mmoja. Mimi nakumbuka mwaka wa 1990 hivi homa hii ilipozuka Nairobi nzima. Foleni za chanjo zilizunguka shule. Hospitali ya Mbagathi wakati ule tukiiita IDH, ya magonjwa ya kuambukiza. Mke wangu aliwakataza watoto wasipande basi mwezi mzima. Je, hii ya kijana haiwezi kuwa ile ile imerudi?

#10 Maabara_Kijana
Mzee wetu, ilikuwa 1989. Tulifundishwa darasani: bakteria aitwaye meningokokasi, kundi A, kuanzia Aprili hadi Novemba, wagonjwa zaidi ya 3,000 katika eneo la Nairobi. Kilichoshangaza ni kwamba Nairobi haiko ndani ya ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia.

#11 Mzee_wa_Jericho
1989, kweli kabisa. Kitinda mimba wetu alikuwa anatambaa. Asante kijana.

#12 Sista_Zamu_ya_Usiku
Mzee, kama ingekuwa ile, tungewaona wengi kwa pamoja, na watu wa nyumba moja na mgonjwa wangepewa dawa ya kinga. Aina ya A imepungua mno tangu chanjo yake ilipoanza kutolewa 2010 huko Burkina Faso na kuenea kwenye ukanda ule.

Kwa watoto wetu hapa mabadiliko makubwa ni mengine. Chanjo ya Hib, bakteria mwingine wa homa hii, iliingia Kenya 2001, ya pneumokokasi 2011. Nilipoanza kazi wodi ya watoto haikosi mtoto mwenye utosi uliovimba. Sasa wamepungua sana. Ila ndugu yake Dada amezaliwa 1993, hakupata hata moja ya hizo mbili.

#13 Mama_Wanne
Tumwombee kijana. Lakini mtu kuketi usiku na kuzungumza na mama yake marehemu si jambo la kupita tu. Kwetu tungeuliza mama alizikwa vipi na kama kuna neno aliacha. Hospitali iendelee, na nyumbani nako kuangaliwe.

#14 Dada_Mlezi
Mama_Wanne, nimeliwaza hilo usiku mwingi. Alimwambia mama, "Nimefunga mlango, usiogope." Ndivyo alivyokuwa akimwambia mama alipokuwa mgonjwa. Sijalitupa neno lako. Ila daktari aliniambia ubongo ukishikwa mtu hutoa yaliyo ndani yake, na hilo nalo naliona ni kweli.

#15 Binti_wa_Busia
Samahani nikiingilia. Hamjataja tegu wa nguruwe! Binamu yangu alianza kifafa akiwa na miaka 26, wakasema karogwa, alipopigwa skani Nairobi wakaona vijifuko ubongoni kama punje za mchele. Degedege linatokana na hayo. Nyumbani kwetu tuliacha kula nguruwe siku hiyo hiyo. Dada, kaka yako anakula nguruwe?

#16 Kinyozi_Kayole
Sasa hapo mmegusa Jumamosi yangu 😅

#17 Maabara_Kijana
Kinyozi kula, ila iive. Na Binti, naomba nirekebishe kitu ambacho karibu kila mtu hukosea. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vijifuko, unapata tegu tumboni. Anakaa kwenye utumbo, hapandi kichwani. Anayepata vijifuko vya ubongo ni aliyemeza *mayai* ya tegu, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yanakuja kwa mikono isiyonawa, kwa mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro, kwa kachumbari. Mtu ambaye hajawahi kugusa nguruwe maishani anaweza kuyapata kwa mpishi wake. Kwa hiyo kuacha nguruwe peke yake hakukuwalinda. Vyoo na sabuni ndivyo vinavyowalinda.

Lakini ya huyu kaka siyo. Vijifuko kwa kawaida havileti homa ya ghafla na shingo ngumu.

#18 Binti_wa_Busia
Miaka sita tumemlaumu shosho kwa nyama aliyoipika. Nitampigia leo.

#19 Mkenya_Manchester
Huku niliko, mtu mzima akishukiwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria anapewa deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) pamoja na dozi ya kwanza ya antibiotiki, ili kuokoa masikio na maisha. Dada, waliompokea walimpa? Kama hawakumpa basi hapo ndipo usikivu ulipopotea.

#20 Sista_Zamu_ya_Usiku
Ndugu wa Manchester, si rahisi hivyo. Utafiti wa Ulaya wa 2002 ulionyesha faida. Lakini Malawi waliijaribu kwa watoto, matokeo yakatoka 2002, na kwa watu wazima 2007, wala hawakuona faida. Wagonjwa wa kule walifika wamechelewa na wengi walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa TB ya utando, deksamethasoni inapunguza vifo na hutolewa. Kwa kuvu wa kriptokokasi ilidhuru. Sasa daktari aliye mbele ya mgonjwa asiyejua ni kipi kati ya vitatu, afanye nini? Mimi siwezi kumhukumu.

#21 Mkenya_Manchester
Nakubali kuhusu Malawi. Lakini kijana huyu si mgonjwa wa Malawi wa 2007. Hana virusi (au hamjasema?) na alifika siku ya nne. Bado nasema alistahili kupewa.

#22 Dada_Mlezi
Amepimwa virusi mara mbili, hana. Kuhusu hiyo dawa, naona jina lake kwenye karatasi kuanzia wiki ya pili, yaani wakati wa TB.

#23 Niko_Kwenye_Dawa
Mmenigusa kwa kuvu. Jirani_wa_Githurai, naandika hii kwa ajili yako.

Naishi na virusi tangu 2012. Nilipoolewa mara ya pili nilificha, nikaacha dawa mwaka mzima. 2019 kichwa kikaanza, taratibu, wiki tatu. Kisha nikaanza kuona matatu mbili palipo na moja. Kinga yangu ilikuwa imeshuka hadi CD4 (hesabu ya chembe za kinga) ya 31. Kriptokokasi.

Nilikuwa naogopa maji ya mgongo kama wewe. Daktari alipochoma, akaunganisha kijiti kirefu cha plastiki cha kupimia presha, na maji yakapanda kwenye kijiti hicho mpaka yakafika juu na kuchuruzika kwenye glavu zake. Akatoa kidogo kidogo. Baada ya dakika kama kumi nikamuuliza sista nani amezima mashine. Hakukuwa na mashine. Ni kichwa changu kilichokuwa kimenyamaza, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Walinitoa mara tisa. Kuvu ule huziba njia ya maji, presha inapanda na kuua macho na ubongo, kwa hiyo kule kutoa maji kwenyewe ni matibabu.

Dawa ya dripu ilinitetemesha kitanda kizima siku kumi na nne. Siku hizi nasikia imekuwa afadhali.

#24 Sista_Zamu_ya_Usiku
Asante kwa kusema, dada. Ndiyo, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya kuvu ya dripu, ya aina ya liposomu siku ya kwanza, halafu flusitosini na flukonazoli wiki mbili. Mpango huo ulijaribiwa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukaokoa sawa na ule wa zamani na kuumiza figo kwa kiasi kidogo kuliko ule. Na dawa za virusi hazianzwi papo hapo, husubiriwa wiki nne hadi sita, kwa sababu kinga ikiamka ghafla kichwa kikiwa bado kina kuvu inaua.

#25 Jirani_wa_Githurai
Niko_Kwenye_Dawa, nimesoma mara mbili. Asante.

#26 Kinyozi_Kayole
Huyo kuvu si ndiye wa kinyesi cha njiwa? Je, wale korongo wa pale Uwanja wa Nyayo? Nikipita asubuhi huwa wananimwagia shati.

#27 Maabara_Kijana
Njiwa ndio anajulikana, pamoja na udongo wenye kinyesi cha ndege. Wengi wetu tumeshavuta hewa yenye kuvu huyo na hatukuumwa. Anangoja kinga ishuke. Korongo fua shati tu.

#28 Fundi_Simu_Luthuli
Narudi kwenye masikio. Mama yangu alitibiwa TB sugu miaka ile ya sindano kila siku, akapoteza usikivu kabla ya mwezi wa nne. TB ilipona, masikio hayakurudi. Ni sindano ilimfanya, siyo TB. Dada, angalia kama kaka alidungwa gentamisini au amikasini.

#29 Dada_Mlezi
Nimetoa faili yote nimeitandaza mezani. Hospitali ya kwanza: gentamisini, wameandika mara tano. Ya pili: antibiotiki nyingine, seftriaksoni.

Moyo umenidunda. Je, ni hiyo?

#30 Sista_Zamu_ya_Usiku
Tulia kwanza. Gentamisini inaweza kuua sikio la ndani, hilo halina ubishi, na mara nyingi huharibu mizani pia, mtu anayumba gizani. Lakini dozi tano, na sikio moja kufa kabisa huku jingine likibaki nusu... dawa kwa kawaida hugusa pande zote mbili karibu sawa. Uziwi wa kidudu chenyewe huja mapema, siku za kwanza kabisa. Ni lini mlijua hasikii?

#31 Dada_Mlezi
Hapo ndipo nimekwama. Binamu aliyelala naye hospitali ya kwanza anasema Ijumaa alikuwa anapaza sauti, "Ongeeni nisikie!" Mimi nakumbuka Jumapili alinijibu vizuri nikiwa upande wake wa kushoto. Na kuyumba anayumba, usiku akienda choo anashika ukuta.

#32 Fundi_Simu_Luthuli
Kuyumba ndiko kulikokuwa kwa mama.

#33 Sista_Zamu_ya_Usiku
Na ndiko kulivyo pia kwa walioharibiwa sikio la ndani na usaha. Hatutatenganisha hapa. Linalonihangaisha ni hili: baada ya homa ya bakteria "konokono" wa sikio la ndani, yaani kile kijifereji kilichojipinda cha kusikia, anaweza kujaa mfupa katika wiki na miezi michache. Akishajaa, kifaa cha kusikia cha kupandikizwa hakiingii vizuri. Apimwe usikivu rasmi sasa, msingoje "atazoea".

#34 Mwalimu_Mstaafu
Mmesema mengi ya kupona na makovu. Ipo ambayo hairudi. Nikifundisha Makueni mwanafunzi wangu wa darasa la tano aliumwa na mbwa mkononi, jeraha dogo, nyumbani wakapaka majivu. Baada ya wiki sita alikataa maji. Nilikuwepo walipomletea kikombe: alikitaka, mkono ukaenda, koo likajifunga, akapiga yowe. Siku ya nne hatukuwa naye. Kichaa cha mbwa kikishafika ubongoni hakuna daktari. Lakini jeraha lingeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na chanjo zikaanza siku ile, angekuwa mtu mzima leo. Nalisema kila ninapopata nafasi.

#35 Kinyozi_Kayole
Mwalimu, pole. Sista, kwani kati ya wanaoshikwa hii ya bakteria wanaopona ni wangapi?

#36 Sista_Zamu_ya_Usiku
Shirika la Afya Duniani linasema karibu mmoja kati ya sita hufariki, na mmoja kati ya watano hubaki na athari kubwa: uziwi, kifafa, udhaifu wa viungo, ugumu wa kukumbuka. TB ya utando ni mbaya zaidi ya hapo, hasa mtu akianza tembe ameshazimika.

#37 Boda_wa_Outering
Nimesoma uzi wote nikiwa stendi. Mimi si daktari. Niliwahi kugongwa 2017, kofia ikapasuka, nikatibiwa nikarudi kazini. Mwaka uliofuata nikashikwa na homa hii hii, nikapona, miezi minane ikanirudia tena. Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nami namuuliza Dada: kaka yako aliwahi kuanguka akaumia kichwa? Na akiinama, pua haitoi maji?

#38 Dada_Mlezi
Boda, mikono inatetemeka.

Alianguka na boda miaka miwili iliyopita, karibu na palipokuwa Taj Mall. Jicho la kulia lilivimba jeusi, akatoka damu puani, akakaa siku mbili akarudi kazini. Na pua ndiyo. Tunamtania "bwana mafua". Pua ya kulia tu. Akiinama kunawa uso inachuruzika, matone, masafi, hayana ute. Asubuhi mto una doa ambalo likikauka haligandi. Anasema yakishuka kooni yana chumvi.

#39 Boda_wa_Outering
Ndivyo yangu ilivyokuwa. Chumvi chumvi.

#40 Sista_Zamu_ya_Usiku
Boda, Mungu akubariki. Dada, huenda mfupa mwembamba ulio juu ya pua ulipasuka, utando ukatoboka, na maji ya ubongo yanapita. Mlango ukiwa wazi hivyo, bakteria wa puani anapanda mwenyewe. Asipenge kamasi kwa nguvu, asibebe vizito, amwone daktari wa masikio, pua na koo wiki hii, na aulizie chanjo ya pneumokokasi. Likithibitishwa, tundu huzibwa, mara nyingi kwa kupitia puani bila kufungua fuvu.

#41 Mama_Wanne
Lakini anachomelea vyuma. Moshi na vumbi la chuma kutwa. Mume wangu fundi wa mbao pua yake inatoa maji miaka kumi na hajaumwa kichwa.

#42 Mkenya_Manchester
Na miaka miwili yote mlango uko wazi asiumwe? Bado sijaridhika. TB haijaondolewa.

#43 Maabara_Kijana
Mama_Wanne ana hoja, mafua ya mzio yapo. Mengi hutoa pua zote mbili na kupiga chafya, lakini siwezi kuapa. Ndugu wa Manchester, mlango unaweza kukaa wazi miaka kabla ya homa ya kwanza. Kipimo kipo: yachukuliwe matone kwenye kichupa safi, yatafutwe protini ambayo haipatikani kwenye kamasi, iko kwenye maji ya ubongo. Si kila maabara hufanya, uliza kabla ya kulipa. Usidanganywe na kijiti cha kupimia sukari, kamasi na machozi nayo yana sukari. Na tembe za TB asiziache mpaka daktari wake aseme. GeneXpert (kipimo cha mashine cha TB) ikikosa TB kwenye maji ya mgongo si hukumu, vijidudu vyake huwa vichache mno.

#44 Dada_Mlezi
Asanteni. Tembe zinaendelea, yuko mwezi wa pili kati ya kumi na mbili.

Jana jioni nilimwandikia kwenye daftari nikamweleza habari ya pua. Alisoma, akanyamaza, akaandika chini: "Kumbe ni ile ajali." Nikamwandikia kwamba hatujajua. Akainama juu ya karai, nikashika kifuniko cha chupa ya dawa chini ya pua yake. Tulingoja. Tone la kwanza, la pili, likakawia, la tatu. Nilikiinua kwenye taa. Yalikuwa maangavu kabisa.

#45 Boda_wa_Outering
Yafunike vizuri, yasikauke.

#46 Fundi_Simu_Luthuli
Na gentamisini usiisahau kumtajia daktari. Beba ile karatasi.

#47 Dada_Mlezi
Nimebeba faili yote. Tuko kwenye benchi tangu saa kumi na mbili. Namba yetu ni 41, wameita 28. Nimemshika mkono ili ikifika nimstue, maana hatasikia wakiita.